Maji ya tangi la gari-nyumba: yanaharibikia wapi, na kichujio kikae wapi?

"Mtaalamu, nakusalimu. Mwaka jana mimi na mke wangu tulinunua gari-nyumba lililokwisha kutumika, lenye tangi la maji safi la lita 100, pampu ndogo ya umeme na hita ya maji. Tunasafiri na watoto wawili, mmoja ana miaka saba na mwingine mitatu, na mke wangu ni mjamzito. Maji tunajaza kwenye viwanja vya kambi, na kwa tahadhari nimefunga kichujio cha mkaa kwenye mpira wa kujazia ili kila tone linaloingia tangini liwe limechujwa. Hata hivyo, maji yakikaa siku tatu au nne huanza kuvunda, na yale ya moto yananuka kama yai viza. Safari iliyopita sote wanne tulihara siku moja baada ya kujaza maji kwenye kambi mpya, na tangu hapo mke wangu hataki kuyagusa. Rafiki mmoja amenishauri nisafishe tangi kwa siki iliyochanganywa na dawa ya kupaushia nguo. Mwingine anasema vidonge vya madini ya fedha vinatosha. Muuzaji wa vifaa anataka ninunue taa ya mionzi. Je, maji ya tangi yanaweza kunyweka kwa usalama, au tununue maji ya chupa siku zote? Na nikiyachemsha, si yatakuwa salama?"

Ndugu msomaji, nianze na jambo ambalo haliwezi kusubiri: usichanganye siki na dawa ya kupaushia. Dawa hiyo ni hipokloriti ya sodiamu, nayo ikikutana na asidi yoyote, siki ikiwemo, hutoa gesi ya klorini, ambayo katika chumba kidogo kama cha gari lenu inaweza kuunguza macho, koo na mapafu kabla mtu hajaufikia mlango. Vivyo hivyo, isikutane na dawa yoyote yenye amonia. Siki ina kazi yake katika usafi wa tangi, na nitaitaja mahali pake, lakini vitu hivi viwili havipaswi kuwa ndani ya tangi siku moja.

Sasa nije kwenye wasiwasi wako wenyewe. Jinsi nilivyokuelewa, unahofia kwamba mnapakia maji mabaya kutoka kwenye mabomba ya njiani, na kwa hiyo umeweka mlinzi mlangoni, yaani kichujio cha mkaa kwenye mpira wa kujazia. Kwa maelezo uliyoyatoa, mimi naona mambo yamekwenda kinyume: inaelekea mnapakia maji mazuri, kisha yanaharibikia ndani ya gari, na kichujio kile, pale kilipo, ndicho kinachosaidia kuyaharibu.

Maji ya bomba yaliyotibiwa kwa klorini huwa na kiasi kidogo cha dawa hiyo kilichobakizwa makusudi, ili yaendelee kujilinda yakiwa njiani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mahali mtumiaji anapochotea pabaki angalau miligramu 0.2 za klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, kwa kila lita. Mkaa maalumu wa vichujio una matundu madogo yasiyohesabika, na una tabia ya kuinyaka klorini haraka sana, ndiyo sababu maji yaliyopita humo huwa na ladha nzuri. Kwa hiyo kila ulipojaza, ulivua maji silaha yao mlangoni, kisha ukayatia kwenye tangi la plastiki, mara nyingi lenye uvuguvugu, yakakae humo siku nne. Isitoshe, mkaa wenyewe hauui vijidudu. Uchafu unaonaswa humo huwa chakula cha bakteria, na kichujio kilichokaa na unyevu wiki kadhaa kati ya safari moja na nyingine kinaweza kutoa maji yenye bakteria wengi kuliko yaliyoingia.

Ndani ya tangi kuna jambo jingine ambalo halionekani mpaka mtu afungue kifuniko cha ukaguzi na kupitisha kidole ukutani. Bakteria wachache wanaopona katika maji yoyote yale hujibandika kwenye plastiki, huzaliana, na kujifunika ute unaoteleza, sawa na ule unaousikia kwenye chombo cha maua kisichobadilishwa maji. Ute huo ni ngome. Klorini ya kawaida ya maji ya bomba huishiwa nguvu juu juu bila kuwafikia walioko chini, na vipande vyake hubanduka gari linapotikisika barabarani. Bakteria wengi wa humo hawamdhuru mtu mzima mwenye afya; wanaleta harufu na ladha mbaya tu. Lakini vijidudu vibaya vikiingia siku moja, hukuta nyumba imekwisha kujengwa. Niliwahi kuitwa kukagua gari ambalo mwenyewe alikuwa amelifungia vichujio vitatu mfululizo na bado maji yalikuwa yananuka. Tulipofungua tangi tukakuta kuta zimevaa ute wa kijani, kwa sababu tundu la kupumulia lilikuwa linapitisha mwanga na vumbi. Hakuna kichujio cha nne ambacho kingemsaidia.

Harufu ya yai viza katika maji ya moto pekee ina maelezo yake. Matangi mengi ya hita huwekewa kijiti cha magnesiamu kinachojitoa mhanga kuliwa na kutu ili chuma cha tangi kisiliwe. Katika mchakato huo hutengenezwa hidrojeni, na bakteria wanaopenda mahali pasipo na oksijeni huitumia pamoja na salfeti iliyomo katika maji kutengeneza salfidi ya hidrojeni, ambayo ndiyo harufu hiyo. Kwa kiwango cha hita ndogo hiyo ni kero zaidi kuliko sumu, ila ni ishara kwamba hita imekaa na maji yaliyotuama. Imwagwe na kusafishwa. Harufu ikirudi baada ya usafi, fundi anaweza kukagua kijiti hicho, na ikiwa mtengenezaji wa hita anaruhusu, akiweke cha aina nyingine.

Kuhusu kuhara kwenu, siwezi kusema kwa hakika kwamba maji ndiyo yaliyowaponza, na wewe pia usikubali jibu la haraka. Virusi vya norovirus, ambavyo husambaa kwa mikono, chakula na maji, humwangusha mtu saa 12 hadi 48 baada ya kumwingia, kwa hiyo vingelingana na hesabu yako. Lakini kimelea kiitwacho Giardia kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mbili kabla ya kuleta dalili, na Cryptosporidium takriban wiki moja. Kama mmoja wa hao ndiye aliyehusika, basi ile kambi mpya haina hatia, na maji yaliyowadhuru mliyanywa zamani kidogo. Watu wanne kuugua siku moja kunaonyesha kwamba kuna kitu mlichoshiriki, ambacho kinaweza kuwa maji, au chakula kimoja, au choo kimoja cha hadhara. Kipimo cha choo ndicho ambacho kingejua tofauti, na kipimo hicho hakikufanyika.

Hata hivyo, bomba la kambini lina hatari moja ambayo watu wengi hawaifikirii, nayo si ya maji yatokayo bali ni ya mdomo wenyewe wa bomba. Nimeshuhudia kwa macho yangu mtu akisuuza chombo cha choo cha gari lake kwa kukiingiza shingo kwenye bomba la maji ya kunywa, kwa kuwa bomba la kusuuzia lilikuwa na foleni. Aliyekuja baada yake alifunga mpira wake wa kujazia papo hapo. Basi ukifika kwenye bomba, angalia kwanza kama limeandikwa kwamba ni la maji ya kunywa. Lipanguse mdomo kwa kitambaa safi chenye dawa ya klorini. Acha maji yatiririke kwa nguvu kwa dakika moja. Ndipo ufunge mpira. Mpira wenyewe uwe wa maji ya kunywa, si wa bustani, maana baadhi ya mipira ya bustani hutoa kemikali za plastiki, hasa ikishinda juani. Ukimaliza, umwage maji yote, unganisha ncha zake mbili ili wadudu na vumbi visiingie, na uuhifadhi mbali na mpira wa choo, ambao afadhali uwe na rangi tofauti kabisa. Unapojaza, ncha ya mpira isizame ndani ya maji ya tangi, kwa sababu mgandamizo wa bomba ukishuka ghafla maji yanaweza kunyonywa kurudi nyuma, na hapo utakuwa umemchafulia jirani.

Uliuliza kama kuchemsha kunatosha. Kwa upande wa vijidudu, naam: maji yakitokota kwa nguvu kwa dakika moja yanakuwa yameua bakteria, virusi na vimelea vinavyoharisha, ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari yaache yatokote dakika tatu, kwa kuwa huko juu maji hutokota kabla ya kufikia nyuzi 100. Hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda sufuria kwa uhakika huo. Lakini sufuria haiondoi kemikali. Naitreti kutoka kwenye mbolea, risasi ya mabomba ya kale, mafuta ya gari, na sumu zinazotolewa na mwani wa bluu-kijani vyote hubaki, na kwa kuwa sehemu ya maji imeondoka na mvuke, baadhi huongezeka ukali. Pia kuchemsha hakuachi ulinzi wowote nyuma: maji yaliyochemshwa yakirudishwa katika chombo kichafu yanaanza upya. Na kusema kweli, ni watu wachache wanaochemsha maji ya kupigia mswaki, ya kuoshea matunda na ya kusuuzia kikombe cha mtoto, ilhali vijidudu havichagui njia.

Vichujio vinahitaji kuelezwa kwa ukubwa wa tundu, maana hapo ndipo wauzaji hutumia maneno matamu. Vifuko vya Giardia vina upana wa mikroni 8 hivi hadi 12 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), vya Cryptosporidium 4 hadi 6. Bakteria wengi ni wembamba kuliko hapo, wengine nusu mikroni tu. Virusi vya kuharisha ni vidogo mno, kama sehemu 3 za mia za mikroni. Kichujio kilichoandikwa mikroni 1 kinaweza kuzuia vimelea, mradi kipimo hicho kiwe cha hakika na si cha wastani, kwa kuwa cha wastani huruhusu sehemu ya uchafu mkubwa zaidi kupita. Ili kuzuia bakteria unahitaji mikroni 0.2. Virusi vinahitaji utando mwembamba zaidi, kama wa vifaa vya osmosisi kinyume, au dawa, au mionzi, au moto. Kichujio chako cha mkaa, kwa kuwa hukutaja kipimo chake, nakichukulia kuwa ni cha ladha tu.

Nako kudhani kwamba klorini inaua kila kitu ni kosa. Bakteria wengi na virusi vingi hufa katika maji safi yenye klorini ya kutosha ndani ya dakika chache hadi nusu saa, lakini Cryptosporidium ana ganda linalomwezesha kuishi siku kadhaa katika maji yenye klorini ya kawaida. Mwaka 1993 mjini Milwaukee, Marekani, inakadiriwa kwamba watu 403,000 waliugua kwa sababu kimelea huyo alipenya katika mtambo uliokuwa ukitibu maji kwa klorini, baada ya hatua ya uchujaji kudhoofika. Funzo linalotuhusu sisi wasafiri ni kwamba vidonge vya klorini peke yake havifai kwa maji ya mto au bwawa ambamo mifugo hunywa. Vidonge vya dioksidi ya klorini vina nguvu zaidi juu ya kimelea huyo, ingawa mara nyingi huhitaji kusubiriwa saa nne. Vya iodini visimkaribie mke wako wakati huu wa ujauzito, wala mtu mwenye matatizo ya tezi ya shingo.

Fedha aliyokutajia rafiki yako si uongo, ila imepewa kazi isiyo yake. Ayoni za fedha huzuia bakteria kuongezeka polepole katika maji ambayo tayari ni safi, ndani ya tangi ambalo tayari ni safi. Haziui haraka, hazitegemewi kwa virusi na vimelea, na haziubomoi ute. Kuzitia katika tangi lako kama lilivyo leo ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye ukungu.

Taa ya mionzi ya urujuanimno ni kifaa kizuri ninachokiheshimu. Mionzi yake, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 254 hivi, huvuruga chembe za urithi za kijidudu hata asiweze kuzaliana, na humshughulikia hata yule Cryptosporidium anayeidharau klorini. Lakini mwanga haupiti penye tope: maji yakiwa na ukungu, vijidudu hujificha nyuma ya chembe. Taa huzeeka, kioo chake huvaa chokaa, betri ya gari huisha, na maji yakishapita hapo hayabaki na kinga. Kwa hiyo mahali pake ni mwisho kabisa wa safari ya maji, karibu na bomba la kunywea, baada ya kichujio kinachoyatakasa yakawa angavu. Kwenu ningekihesabu kuwa kitu cha kununuliwa baadaye, ikiwa mtazoea kukaa mbali na mabomba kwa muda mrefu. Kisiwe cha kwanza.

Cha kwanza ni usafi wa tangi. Vua vichujio vyote uviweke kando, zima hita na uiache ipoe, kisha mwaga maji ya tangi, ya hita na ya mabomba yote. Kama kuna kifuniko cha ukaguzi, kifungue na usugue kuta kwa brashi laini mpya ambayo haijawahi kufanya kazi nyingine, kwa kuwa dawa haifanyi kazi ipasavyo juu ya ute mnene. Ikiwa kuna magamba ya chokaa, hapa ndipo siki au asidi ya limau inapoingia: iache ilainishe chokaa, imwage, jaza maji safi na umwage tena mara mbili, na klorini iingoje siku nyingine.

Siku ya klorini, tumia dawa ya kupaushia isiyo na manukato wala kizito chochote, yenye hipokloriti ya asilimia 5 hivi, na ambayo haijapita muda wake, kwa kuwa ikikaa sana hupoteza nguvu hata kama kifuniko hakijafunguliwa. Kwa tangi la lita 100 pima mililita 100. Ichanganye kwanza katika ndoo ya maji, uimimine tangini, kisha ujaze tangi lote hadi shingoni. Utapata takriban miligramu 50 za klorini kwa lita. Fungua bomba moja baada ya jingine, la baridi na la moto, pamoja na bafu, mpaka kila moja litoe harufu ya klorini, kisha ufunge na uache kwa saa nne. Soma kwanza kitabu cha hita, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji hawataki klorini kali igusane na tangi lao la chuma. Ikiwa ndivyo, hita itengwe kwa vali na isafishwe kwa njia wanayoielekeza. Saa nne zikiisha, mwaga kila kitu mahali maji hayo yatakapoingia katika mfumo wa majitaka, si mtoni, kwa sababu samaki hawaivumilii klorini; suuza tangi na mabomba kwa maji safi mpaka harufu ibaki kidogo sana, kisha ufunge vichujio vipya. Maji hayo yakiwa katika mabomba, watoto wasiachwe karibu na bomba lolote.

Kazi hiyo ifanyike mwanzoni mwa msimu, kila gari linapotoka kwenye maegesho ya muda mrefu, na mnapolitumia mfululizo, kila baada ya miezi mitatu hivi. Mkirudi nyumbani, mwageni maji yote na mwache vifuniko wazi ili tangi likauke. Tangi kavu halioti ute.

Baada ya usafi, kichujio cha mkaa kihamie chini ya sinki, kwenye bomba moja tu la kunywea, ili klorini ilinde maji yakiwa tangini na mkaa uiondoe pale tu maji yanapoingia kwenye glasi. Nunua karatasi za kupimia klorini huru, zile zinazobadilika rangi. Maji uliyojaza yakionyesha 0.2 hadi 0.5 au zaidi kidogo, hayana haja ya kuongezewa kitu. Yakionyesha sifuri na yametoka sehemu inayoaminika, mililita 4 za dawa ile ile, ikiwa chapa yake inaeleza kwamba inaweza kutumika kwa maji ya kunywa, huleta miligramu 2 hivi kwa lita katika tangi la lita 100. Subiri nusu saa, pima tena, na unatarajia isiwe chini ya 0.5. Tumia sindano ya dawa kupimia, si kifuniko cha chupa.

Je, mnywe maji ya tangi? Yanaweza kunyweka, na ziko familia nyingi zinazoyanywa miaka nenda miaka rudi. Lakini kwenu ninyi, kwa mwaka huu, ningeyagawa maji mafungu mawili. Maji ya tangi yawe ya kuoga, kuoshea vyombo na chooni, yakiwa yametunzwa kama nilivyoeleza kwa kuwa watoto humeza maji bafuni hata ukiwakataza. Maji ya kunywa, kupikia na kupigia mswaki yakae katika madumu mawili ya lita 10 au 20 ya plastiki ya chakula, yenye mdomo mwembamba au koki chini, ili mkono wala kikombe kisizame humo. Dumu unaliona, unaliinua, unalisugua, unalijaza moja kwa moja bombani bila mpira, na usipolipenda unalibadilisha kwa urahisi. Tangi lililofungwa chini ya kitanda halina fadhila hizo. Kwa watu wanne pangeni lita 10 hadi 12 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Dumu likae kivulini na lisipite siku tatu kabla ya kujazwa upya. Maji ya chupa sina ugomvi nayo, na yawepo mawili matatu ya akiba, ila chupa iliyofunguliwa na kunywewa kwa mdomo na watoto wawili, kisha ikaachwa juani kwenye kioo cha mbele, haina usafi wa kumshinda dumu.

Maji ya kisima yanataka swali la ziada. Muulize msimamizi kama yanatibiwa na kama yamepimwa karibuni, na ukiona kwamba mvua kubwa imenyesha siku hizo, yaache. Mwezi Mei 2000 katika mji wa Walkerton, Kanada, mvua nzito iliosha samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji wakati utiaji klorini haukuwa wa kutegemewa. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na saba wakafariki. Kisima kilicho katikati ya mashamba kinaweza pia kuwa na naitreti, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea ukomo wa miligramu 50 kwa lita kwa sababu ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo, kwa kuwa huzuia damu yao kubeba oksijeni. Mtoto wenu mtarajiwa akizaliwa na mkasafiri naye, na ikiwa atatumia maziwa ya unga, maji yake yatoke katika chanzo kinachojulikana, yachemshwe, na unga utiwe maji yakiwa hayajashuka chini ya nyuzi 70, kwa kuwa unga wenyewe hauna hakika ya kutokuwa na vijidudu. Maziwa hayo yapoe kabla hajapewa.

Jambo la bafu nusura nilisahau. Bakteria wa Legionella hawaingii kwa kunywa bali kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo ya maji, nao hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 45. Gari likiwa limekaa wiki kadhaa, fungua madirisha, acha bafu litiririke dakika chache bila mtu kusimama hapo, na kama hita inafika nyuzi 60, ipandishe kabla ya matumizi ya kwanza. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo kabla yule wa miaka mitatu hajaingia, joto liwe limeshushwa na mkono wako umepima.

Mkihara tena, msisubiri ushauri wangu. Mtoto mdogo hupungukiwa na maji mwilini upesi kuliko mtu mzima: mpe maji ya chumvichumvi na sukari ya pakiti kutoka duka la dawa, yaliyochanganywa na maji salama, kidogo kidogo na mara kwa mara. Akiwa na macho yaliyobonyea, mdomo mkavu, kilio kisicho na machozi, usingizi usio wa kawaida, au asipokojoa kwa saa sita hivi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Damu kwenye choo, homa kali, au kutapika kusikoruhusu kunywa ni sababu ya kwenda bila kujali umri. Na mtu mzima asivumilie kuhara kupita siku tatu. Mke wako asivumilie hata hizo tatu. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa mweusi kama chai kavu, ni dharura, kwa kuwa homa ya ini aina ya E, ambayo husafiri kwa maji machafu, ni kali mno kwa wajawazito, hasa miezi mitatu ya mwisho. Mkifika, mwambieni daktari kwamba mmekuwa safarini na mnakunywa maji ya tangi, na mwombe choo kipimwe vimelea, kwa sababu vipimo vya kawaida havimtafuti Cryptosporidium mpaka aombwe.

Tangi nalo lina daktari wake. Harufu ikirudi ndani ya wiki mbili baada ya usafi, au kama halina kifuniko cha ukaguzi na hujui historia yake kwa mwenye gari wa kwanza, mwite fundi alikague, pamoja na mabomba na tundu la kupumulia. Kisha upeleke sampuli katika maabara ya maji: omba kwao chupa isiyo na vijidudu, ijaze kutoka bomba la sinki bila kugusa mdomo wake, iweke mahali pa baridi, na uifikishe siku hiyo hiyo. Majibu unayoyataka ni kwamba hakuna E. coli, bakteria wanaoashiria kinyesi, katika mililita 100. Mpaka majibu hayo yatoke, mke wako na anywe maji ya dumu.